Besi isikike, masikio yabaki mazima: mwongozo kwa mpiga besi anayeingia bendi

Karibu kila bendi ninayoifahamu ina mpiga besi anayelalamika kwamba hasikii besi yake mwenyewe. Mara nyingi ni huyo huyo ambaye wenzake wanalalamika kwamba anawafunika.

Maswali ninayoulizwa na vijana wanaoanza ni matatu, na yanarudi kila wiki. Ninunue amplifaya ya wati ngapi? Mbona nyumbani besi inanguruma vizuri, nikifika mazoezini inapotea? Na la tatu huulizwa kwa sauti ya chini, pembeni: masikio yanalia tangu jana usiku, hiyo ni kawaida?

Hilo la tatu nalijibu hapa hapa. Ni kawaida kama malaria ilivyo kawaida. Sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba usiokoma, mithili ya mbu aliye chumba cha pili, na nimeupata kwa kusimama miaka mingi upande wa matoazi nikidhani vizibo vya masikio ni vya watu wa kiwandani. Ndiyo maana mambo haya mawili nayaandika pamoja. Mpiga besi asiyejisikia hupandisha sauti. Ridhimu naye anapandisha, solo anafuata, mwimbaji anaomba monita, spika inayomrudishia sauti yake, iongezwe, na mpiga dramu anaanza kupiga kwa hasira. Baada ya nusu saa hakuna anayemsikia mwenzake na wote wanaumia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Gitaa la besi lenye nyuzi zisizokufa, na betri mpya kama gitaa lako linatumia betri.
- Amplifaya ya besi. Ya gitaa la solo haifai. Spika zake ndogo zitakwaruza na mwishowe kuungua.
- Waya wa gitaa, na wa akiba. Kama kichwa cha amplifaya na kabati la spika vimetengana, uwe pia na waya wa spika, ambao ni kitu kingine kabisa.
- Ekstensheni nzuri yenye waya wa ethi.
- Kiti kigumu au kreti tupu la soda. Kazi yake utaiona hatua ya nne.
- Vizibo vya masikio, jozi mbili. Moja yako, nyingine ya yule ambaye daima amesahau vyake.
- Simu yenye programu ya kupima desibeli.

Hatua ya 1: Chagua amplifaya kwa hesabu sahihi

Uzi wa E wa besi, ukiwa wazi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano ina B inayoshuka hadi 31. Kusukuma sauti za chini namna hiyo kunakula nguvu nyingi kuliko gitaa la kawaida, kwa hiyo usijilinganishe na mpiga solo mwenye wati 30 anayekufunika.

Wati 15 hadi 50 ni za chumbani kwako. Wati 100 zinatosha kinanda, tumba na sauti za watu. Mpiga dramu akishaketi, anzia wati 200 hadi 300. Si kwa sababu utazitumia zote, bali ili noti ya ghafla isiifanye amplifaya ipasuke sauti.

Kuna jambo linalowapotezea wengi pesa. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, yaani kuzidi kidogo. Ili masikio yaone sauti imekuwa maradufu unahitaji takriban mara kumi ya wati. Kwa hiyo kuuza amplifaya ya wati 100 ili ununue ya 150 ni kubadilisha rangi ya boksi. Kama fedha ni za kubana, kabati la pili la spika hukupa faida kubwa zaidi.

Na tafadhali, yale maandishi ya P.M.P.O. kwenye sabufa za sebuleni, wati elfu hizi na zile, yapuuze. Angalia wati za RMS, zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo. Uzito nao usikutishe wala kukudanganya: kichwa cha SVT ambacho kampuni ya Ampeg ilikitoa mwaka 1969 kilikuwa na wati 300 za valvu, zile taa za kioo za zamani, na kilibebwa na watu wawili, ilhali leo kichwa cha wati hizo hizo unakiweka kwenye begi la mgongoni.

Hatua ya 2: Unganisha spika bila kuua kichwa

Soma nyuma ya kichwa: kimeandikwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za chini kinazovumilia, mara nyingi 4. Kabati mbili za omu 8 zikiunganishwa kwa njia ya kawaida huwa omu 4. Kabati mbili za omu 4 huwa omu 2, na hapo vichwa vingi vinapata moto na kuzima, au kufa kabisa.

Onyo: waya wa gitaa usiutumie kati ya kichwa na spika. Jeki zinafanana, ndani hazifanani. Ule wa gitaa ni mwembamba na utapata moto. Na kama kichwa chako ni cha valvu, usikiwashe kabla spika haijaunganishwa.

Hatua ya 3: Umeme

Chomeka amplifaya, miksa na vyombo vingine kwenye chanzo kimoja cha umeme inapowezekana. Ukitumia jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, chomoa, kwa sababu kurudi kwake ndiko kunakounguza.

Ule mguu mrefu wa plagi ni wa ethi. Kuna mafundi watakaokushauri uukate ili mvumo uishe, na kuna wanaochokonoa soketi kwa kalamu ili waingize plagi ya miguu miwili. Mvumo utaisha kweli. Siku moja utashika nyuzi, midomo iguse maiki, upigwe shoti mbele ya bibi harusi. Usikate.

Hatua ya 4: Weka amplifaya ikutazame usoni

Hapa ndipo tatizo la wengi linapoishia, na halihitaji shilingi hata moja.

Mazoezini amplifaya huwekwa sakafuni, na wewe umesimama mita moja mbele yake. Sauti ya kati na ya juu, ile inayokuonyesha noti umeigonga wapi, husafiri moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Inapita kwenye magoti yako. Magoti hayasikii. Anayeipata kamili ni mpiga kinanda aliyekaa ng'ambo ya chumba, ndiye anayekukunjia uso, wakati wewe unapandisha nobu.

Fanya hivi:

a) Ipandishe juu ya kiti au lile kreti la soda, au iegemeze ili spika itazame kichwa chako. Hakikisha haitetemeki ikaanguka. Jukwaa la mbao lenye uvungu huongeza kunguruma, kwa hiyo kuinyanyua kutakusaidia mara mbili.

b) Isogeze ukutani kabisa, au iache mbali na ukuta. Kuiweka kama mita moja kutoka ukutani ndiko kubaya: sauti inayorudi kutoka ukutani hugongana na ile inayotoka mbele, na noti za karibu na 86 Hz, yaani mitetemo 86 kwa sekunde, zinafifia. Hapo ndipo ilipo F ya freti ya tatu kwenye uzi wa D. Umewahi kushangaa mbona noti moja haitoki hata uigonge vipi? Sasa unajua.

c) Usiiweke kwenye kona isipokuwa ni dhaifu sana. Kona huvimbisha sauti za chini na chumba kizima kinakuwa uji.

d) Piga noti moja ndefu, kisha tembea. Wimbi la E la chini lina urefu wa mita 8 na kidogo, kupita urefu wa vyumba vingi vya mazoezi, kwa hiyo kuna mahali linajaa na mahali linatoweka. Hatua mbili tu pembeni zinaweza kukurudishia besi uliyodhani imepotea.

e) Chagua unaposimama kwa kuyatazama matoazi. Usikae usawa wa toazi sikio likiwa limelielekea. Sogea, au mwombe mpiga dramu ageuze seti kidogo. Kama nafasi hairuhusu, walau mbadilishane upande kila mazoezi, ili sikio moja lisibebe mzigo wa maisha.

Chumba chenye kuta za saruji na paa la bati kinarudisha kila kitu. Magodoro, mazulia, na vitenge vizito vilivyotundikwa nyuma ya dramu vitapunguza makali ya matoazi. Besi yenyewe havitaizuia, jirani ataendelea kuisikia, lakini masikio yenu yatapumua.

Hatua ya 5: Ziba masikio kabla ya kuwasha

Si katikati ya mazoezi, yakishaanza kuuma. Kabla. Ukiseti sauti masikio wazi halafu ukaziba, utaona kila kitu kimepoa na mkono utaenda kwenye nobu wenyewe. Zoea kuseti ukiwa umeziba.

Vizibo viko vya aina tatu.

Vya sponji ndivyo rahisi. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, yale yenye helmeti na makoti ya kung'aa. Vinazuia sana, ila vinakula sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo bendi itasikika kama iko chini ya blanketi. Kwa mpiga besi si balaa kubwa, maana sauti zako za chini zinakufikia hata kupitia miguu na kifua.

Vya wanamuziki vina kichujio ndani kinachopunguza sauti zote karibu sawa. Muziki unabaki muziki, umeshushwa tu. Kama unapiga kila wiki, nunua hivi kabla hujanunua pedali.

Vya kufinyangwa kwa umbo la sikio lako hutengenezwa kupitia kwa mtaalamu wa usikivu, na huwekewa kichujio cha desibeli 9, 15 au 25. Ni ghali. Vinadumu miaka.

Pamba na karatasi ya chooni si vizibo. Zinakupa moyo tu.

Namna ya kuvaa vya sponji, maana wengi wanavibandika mlangoni mwa sikio halafu wanasema havifanyi kazi: nawa mikono, visokote viwe vyembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwa juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kivimbe. Ongea. Kama sauti yako unaisikia ndani ya fuvu, kimekaa. Namba iliyo kwenye pakiti, NRR au SNR, yaani desibeli kinazozuia, imepimwa maabara. Kikikaa vibaya utapata sehemu ndogo tu ya namba hiyo.

Sasa hesabu, moja tu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya za wafanyakazi, inashauri mtu asizidi saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwenye 100 ni dakika 15. Bendi yenye dramu ndani ya chumba kidogo hufika 100 bila jasho. Mazoezi ya saa tatu hapo ni mara 12 ya kipimo cha siku nzima. Kichujio cha desibeli 15 kikikaa sawasawa kinakurudisha 85.

Hatua ya 6: Seti geini, kisha ekwalaiza

Masta, nobu ya sauti yote inayotoka, iwe sifuri. Gonga nyuzi kwa nguvu zako zote za siku ya onyesho, si zile za kubembeleza, na pandisha geini, nobu ya ishara inayoingia, mpaka taa nyekundu ianze kukonyeza. Rudisha nyuma kidogo. Baada ya hapo sauti unaiongoza kwa masta.

Ekwalaiza, yaani nobu za sauti za chini, za kati na za juu: zote katikati. Anza hapo kila mara, hata kama fulani amekuambia ana siri yake.

Kosa kubwa la chumbani ni kupandisha besi na trebo (sauti za juu) na kuchimba shimo katikati. Ukiwa peke yako inasikika kama studio. Bendi ikiingia, kiki, ile dramu kubwa ya mguu, inaimeza besi yako, matoazi yanaimeza trebo yako, na katikati hukubakiza kitu. Umepotea, halafu unalaumu wati.

Fanya kinyume. Ongeza kidogo kati ya 200 na 400 Hz ili sauti iwe na mwili. Kama vidole vyako havisikiki, ongeza 700 hadi 1,000. Chini ya 60, punguza badala ya kuongeza. Ukipiga peke yako itakuchukiza, itasikika kama mtu anaongea puani. Vumilia mpaka wenzako waingie.

Hatua ya 7: Panga sauti kwa kumfuata mpiga dramu

Mpiga dramu hana nobu. Kwa hiyo yeye ndiye kipimo, na ndiye wa kwanza kuzungumza naye. Mwombe apige kwa nguvu ya kawaida, dakika mbili, peke yake. Ingia wewe. Pandisha masta mpaka besi na kiki vilingane, uishie hapo. Kinanda kifuate, ridhimu, solo, na mwisho sauti za waimbaji.

Kama mwimbaji hasikiki, msimpandishe. Nyinyi shukeni. Maiki ikipandishwa kupita kiasi inapiga yowe, na yowe la maiki linatoboa sikio kuliko chochote tulichotaja.

Wimbo wa pili ukiisha, zunguka chumba uulize kila mmoja: unanisikia? Jibu la mpiga kinanda lina thamani kuliko hisia zako.

Hatua ya 8: Kwenye harusi na jukwaa kubwa, iachie mitambo kazi

Ukumbi ukiwa mkubwa, amplifaya yako ni ya kukusikilizisha wewe tu. Watu wataipata besi kwenye spika kubwa, kupitia boksi la DI, linalopeleka ishara ya gitaa moja kwa moja kwenye miksa, au tundu la DI nyuma ya kichwa chako. Kama kuna swichi ya kuchagua, peleka ishara iliyochukuliwa kabla ya ekwalaiza yako, ili ukigusa nobu zako usimvurugie fundi mitambo ukumbi mzima.

Huyo fundi msalimie kwanza. Muombe, usimwamrishe. Kwenye monita omba kiki na sauti ya kiongozi, na besi kidogo tu. Vingine vyote viache. Monita iliyojazwa kila kitu ni redio iliyolala miguuni.

Ukitumia vipokea sauti vya masikioni, vaa vyote viwili. Ukitoa kimoja ili usikie ukumbi, utapandisha kilichobaki, na sikio la wazi linapigwa vilevile. Hakikisha mtambo wake una kizuia kilele cha sauti.

Hatua ya 9: Pima, pumzika

Weka simu usawa wa kichwa chako, soma dBA wakati wote mnapiga. Kumbuka kipimo hicho kimetengenezwa kifanane na sikio, na sikio ni kiziwi kwa sauti za chini: noti ya 40 Hz hupunguzwa kama desibeli 34. Kwa hiyo namba kubwa unayoiona imeletwa zaidi na snea (dramu ndogo yenye waya chini yake), matoazi na magitaa. Usiringe kwamba besi yako haina hatia. Kumbuka nani alianza kupandisha.

Kila dakika 45 tokeni nje, kumi zipite mkinywa chai. Mkipumzika, zimeni muziki wa kwenye simu.

Mambo yakienda kombo

*Inavuma hata nisipogusa nyuzi.* Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni 49. Ipige ulinganishe. Kama mvumo uko karibu na hapo, au oktava juu yake, ni umeme: badilisha soketi, tenganisha waya wa gitaa na wa umeme, bonyeza swichi ya kukata ethi kwenye boksi la DI. Hiyo ya DI hukata ethi ya waya wa ishara peke yake, ile ya plagi inabaki salama. Mvumo ukipungua ukishika nyuzi, tafuta ethi iliyolegea ndani ya gitaa, au waya mbovu.

*Spika inakwaruza kwenye noti za chini.* Shusha besi kwenye ekwalaiza kabla ya kushusha masta. Ikiendelea hata kwa sauti ndogo, spika imechanika au skrubu ya kabati imelegea. Bonyeza kabati kwa mkono. Kelele ikikoma, ni skrubu.

*Noti moja inalia kupita zote.* Ni chumba. Sogeza amplifaya nusu mita, kisha ndipo uguse ekwalaiza.

*Snea inatetemeka kila nikipiga.* Haitaisha kabisa. Geuza amplifaya isiielekee, na mpiga dramu alegeze au abane waya za chini ya snea kidogo.

*Amplifaya inazima baada ya nusu saa.* Joto, au omu. Rudi hatua ya 2, na usiifunike kwa koti.

*Nikiziba masikio naimba nje ya ufunguo.* Sauti yako inanguruma ndani ya fuvu. Jaribu vya wanamuziki badala ya sponji, au vya kufinyangwa vinavyoingia ndani zaidi. Wiki mbili zitakuzoesha.

*Masikio yamejaa, yanalia baada ya onyesho.* Kaa kimya siku hiyo na inayofuata, usiende tena kwenye kelele, usitie mafuta wala njiti. Yakirudi sawa, chukua hilo kama onyo. Mlio ukibaki siku kadhaa, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, omba upimwe usikivu. Lakini sikio moja likizima ghafla, usingoje hata wiki. Nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa zilizopo hufaa zaidi zikianza mapema. Mweleze wazi kwamba unapiga bendi, unasimama wapi na kwa saa ngapi kwa wiki. Usipomwambia atakutafutia nta.